Nedvěd mulomuona, nielezeni jamani

Mtoto wa Wete: Assalamu alaykum. Juzi barazani kaka zangu walikuwa wakimtaja Pavel Nedvěd, yule mchezaji mpira wa Cheki aliyechezea Juventus ya Italia, mpaka mtu alitokwa machozi. Mie nilikuwa mdogo, hivi alikuwa mkali kweli?

Mzee wa Malindi: Waalaykum salaam. We yakhe, yule alikuwa na mapafu mawili ya ziada! Winga ya kushoto, anapiga miguu yote, habanduki mpaka filimbi. Mwaka 2003 nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Juventus na Real Madrid, kafunga bao la tatu, Juventus wakashinda 3-1, halafu akala kadi ya njano ikamkosesha fainali, nakumbuka alivyolia pale uwanjani na sie tukalia nae, na Juventus ikafungwa na Milan kwa penalti. Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora Ulaya, ya mwaka ule alipewa yeye, haki yake.

Bi Chake: Mie namuheshimu kwa 2006, timu kushushwa Serie B, daraja la pili Italia, yeye akabaki.

Mzee wa Malindi: Umenena dada. Na Euro 2004 goti lilimtoa mapema nusu fainali na Ugiriki, Cheki wakatolewa 1-0, bado inaniuma wallahi.

Mtoto wa Wete: Ahsanteni, natafuta video usiku huu huu.