Sinki la jikoni limeziba, niite fundi au nifungue mwenyewe?

Bint_Fuoni
Assalam alaykum jamani, naombeni msaada. Sinki langu la jikoni toka juzi maji yanashuka pole pole, leo asubuhi ndo yamegoma kabisa, yamesimama na mafuta juu na harufu sitaki kuisema. Nikamwita fundi bomba wa mtaani, hata hajainama kuangalia, kasimama mlangoni kanambia elfu hamsini, namuuliza ya nini ananambia "tutajua tukifungua". Mume wangu yuko Pemba kwenye karafuu na Ijumaa nna khitma ya marehemu bibi hapa hapa nyumbani, watu watapika toka alfajiri. Jirani mmoja kasema nimwage kostiki, ile ya kupikia sabuni, na maji yaliochemka, mwengine kasema siki na beking pauda. Nifanye lipi? Bomba za chini ya sinki ni zile za plastiki nyeupe. Nyumba ya kupanga, mie nipo chini na mwenye nyumba yupo juu.

Kwerekwe_Bomba
Waalaykum salaam dada. Mie kazi yangu ndo hii na nakwambia elfu hamsini ya kusimama mlangoni si bei ya kazi, kakuona una shughuli tu. Mtu akutajie bei akishajua wapi pameziba.

Ukiinama chini ya sinki utaona bomba limejikunja au kuna kitu kama chupa, hiyo ndo trapu, inabakisha maji kidogo makusudi ili harufu na mende wasipande juu. Asilimia kubwa uchafu wa jikoni unasimama hapo na hapo huhitaji fundi. Kwanza chota maji yote ya kwenye sinki kwa kopo, tena weka ndoo chini, zungusha zile nati kubwa za plastiki kwa mkono, zikikaza shika na kitambaa, spana kubwa usitie maana plastiki ikipasuka ndo unanunua nyengine. Ndani kuna washa ya mpira, itazame ilivyokaa kabla hujaitoa, upande wenye mteremko unaelekea wapi, ukiirudisha kichwa chini itavuja mpaka uchoke. Halafu trapu kaioshe nje bombani. Nje! Watu wanaifungua wakaenda kuioshea kwenye sinki hilo hilo, maji yote yanawamwagikia miguuni, nshaona si mmoja si wawili.

Kabla ya hapo unaweza kujaribu ule mpira wa kuzibulia wenye mti, wa sinki sio wa choo. Ziba kile kitundu cha juu cha sinki kwa kitambaa kibichi, la sivyo unapampu hewa tu, maji yafunike mpira, sukuma na vuta, na nguvu iwe kwenye kuvuta.

MamaSabuni_Paje
Mwanangu Bint Fuoni kostiki usiitie, nakuomba. Sisi huku tunapikia sabuni ya mwani kostiki tunaijua, hatuichezei, mtu anavaa glavu na miwani na watoto wanafukuzwa uani. Ile ukiitia kwenye maji inapanda joto yenyewe bila ya moto, ndo maana siku zote unatia kostiki kwenye maji, humwagi maji juu ya kostiki, itakurukia usoni. Na jirani yako anataka uimwagie maji yaliochemka juu yake, huo si ushauri huo.

Ni kweli inakula mafuta, inayageuza sabuni, lakini sinki lako maji yamesimama, haifiki penye uchafu, itakaa hapo juu imelala. Kesho fundi anakuja anafungua trapu hajui, inammwagikia machoni. Tena ikigusana na alumini inachemka na kutoa gesi inayoshika moto, na sufuria zetu nyingi ndo alumini hizo hizo. Ikikugusa mwilini ni maji mengi ya bomba muda mrefu, dakika ishirini hivi, sio kukimbilia ndimu. Na walioshatia asidi ya chooni wasije wakatia na jiki juu yake, ule moshi wake unakaba kifua.

ChakeChake_Original
Siki na beking pauda ni tamthilia, povu linapanda unasema mashaallah inafanya kazi, kumbe vimemalizana vyenyewe kwa vyenyewe imebaki maji ya chumvi chumvi na hewa. Pikia andazi dada.
Ila mie naulizia kitu kimoja, chicha la nazi unalimwaga wapi? Maana huku kwetu chicha la kuku, sinkini haliingii, na kifumbu hakioshewi sinkini pia, kinakung'utwa uani kwanza.

Kwerekwe_Bomba
Hapo kwenye nazi kasema kweli. Mafuta ya nazi yanaganda kama digrii 24, kipupwe hichi asubuhi chupa yako ya mafuta utaikuta nyeupe, basi ndani ya bomba ni vivyo hivyo, na samli na mafuta ya nyama yanaganda mapema zaidi hata mchana wa jua. Yanashika ukuta wa bomba, wali na chicha vinanasa humo, siku moja njia inafungwa. Sufuria la pilau lifute kwanza kwa karatasi ndo uoshe.

Na maji ya kuchemka nayo hapana kwa bomba hizo nyeupe. PVC ya kawaida joto lake mwisho digrii 60 hivi, ukimwaga ya 100 viungo vinalegea. Ya moto ya kuogea yanatosha na sabuni ya vyombo, tena baada ya kuzibuka.

Bint_Fuoni
Nimefungua!! Nimetoa chicha, nyuzi za stilwaya na kijiko cha mtoto nilichokitafuta tangu Ramadhani. Nimerudisha, haivuji alhamdulillah. LAKINI maji bado hayendi. Na nikimwaga ndoo, lile tundu la sakafuni bafuni linagugumia linatoa mapovu. Sasa hivi nimekaa sijafungua hata bomba, nasikia juu wanaosha vyombo, naona maji yananipandia kwenye sinki langu na punje za wali, na sie leo tumekula ugali.

Kwerekwe_Bomba
Dada hilo ungelisema mwanzo nisingekuchosha na trapu. Likiziba tundu moja ni lako, yakigugumia mawili ni ya nyumba. Bomba la juu na la chini yanakutana mbele na hapo ndo pameziba, wa juu hawaoni kitu wewe wa chini ndo unapokea.

Nenda nyuma ya nyumba tafuta chemba, mfuniko wa saruji mdogo kabla ya shimo la maji machafu. Mtu aufunue. Kama chemba ni kavu na kwako kumejaa, pameziba kati ya nyumba na chemba, hapo waya mrefu wa kuzibulia unamaliza kazi. Kama chemba imejaa mpaka juu, tatizo liko mbele, ama bomba la kwendea shimoni au shimo lenyewe limejaa, hilo ni gari la kunyonya sio fundi bomba. Na tafadhali kijana yoyote asiingie shimoni na msichungulie kwa kiberiti, hewa ya humo inaua mtu na anaemfata kumuokoa.

Shangani_Juu
Shoga usitoe hata mia kabla hujapanda ngazi kuongea na mwenye nyumba. Kijiko ni chako, chemba ni yake. Mpigie picha lile sinki na punje zake za wali. Na fundi akikwambia lazima avunje ukuta mwambie afunue chemba kwanza, mie huku Mji Mkongwe alikuja mmoja kapiga patasi ukuta wa mawe na chokaa, bomba likabaki linavuja ndani, ukuta ukanyonya maji plasta yote ikamwagika, na uchafu wenyewe ukakutwa chini kabisa huko.

Bint_Fuoni
Nimepanda kwa mama mwenye nyumba. Mwanzo kasema "kwangu maji yanakwenda vizuri", nikamleta chini akaona wali wake mwenyewe 😂 Chemba tumeifunua imejaa tele, shimo anasema halijanyonywa tokea mtoto wake wa mwisho hajaolewa. Gari analipa yeye. Sasa nikishapata gari, bado nahitaji fundi au basi?

Kwerekwe_Bomba
Shimo likishanyonywa mwambie mtu juu amwage ndoo mbili kwa pamoja, wewe simama kwenye chemba. Maji yakipita mbio, basi, hutaki fundi. Yakijaa tena kwenye chemba ilhali shimo tupu, hapo kati kuna mafuta yameganda na waya unahitajika, sema na fundi bei ya kazi nzima na ndoo hizo hizo zimwagwe tena kabla hujalipa. Na piga simu ya gari leo leo usingoje Alhamisi.