Pesa ya kufutwa kazi: nichukue ofa yao ama niende korti ya Milimani?

Shiro_Umoja
Wadau habari za jioni. Nilifutwa kazi juzi bila kusikizwa, nilikuwa nimeajiriwa kwa mkataba wa kudumu, miaka sita, mshahara elfu hamsini kwa mwezi. Sasa wakili wao amepiga simu anasema watanipa laki sita tumalize nje ya korti, na karatasi waliyotuma imeandikwa tu "malipo ya mwisho", basi. Wakili wangu naye anataka twende Milimani. Mimi sitaki kujua nani atashinda, nataka kujua itabaki ngapi mkononi watu wa kodi, KRA, wakishachukua yao na wakili yake. Ama pesa ya kesi haikatwi kodi?

Kaka_Embakasi
Haikatwi dada. Mimi niligongwa na matatu Jogoo Road, insuarensi wakalipa, hakuna mtu wa KRA aliniuliza hata shilingi. Chukua uende zako.

Mhasibu_Mtaani
Kaka usimpoteze dada ya watu. Wewe ulilipwa mguu, na mguu si mapato. Yeye analipwa kwa sababu ya kazi, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinaiona hiyo fidia kama mshahara tu. Hata Milimani hakuna ujanja, Sheria ya Ajira kifungu cha 49 inasema malipo ya aina hiyo yakatwe makato ya kisheria.

Na Shiro, kifungu hicho hicho ndicho kinaweka mwisho wa fidia ya kufutwa kazi vibaya: mishahara 12. Piga hesabu, 12 mara elfu hamsini ni laki sita. Yaani wamekupa kiwango cha juu kabisa kabla hujaingia korti, na jaji halazimiki kukupa miezi yote 12. Notisi na likizo ambayo hukuchukua ni vitu vingine, hizo ndizo ungepigania juu yake.

Lakini mimi ningeogopa hayo maneno "malipo ya mwisho". Wakikata PAYE, yaani kodi ya mshahara, kama mshahara wa mwezi mmoja, laki sita inapanda hadi bendi ya 32.5% na kodi inafika kama 174,900 baada ya rilifu (punguzo la kodi la kila mwezi). Sheria ya kodi inasema kwa mkataba wa kudumu unaotaja fidia ya kusitishwa, fidia isambazwe kwa miezi inayofuata, kwa kiwango cha mshahara wako wa zamani. Kwako hiyo ni elfu hamsini kila mwezi kwa mwaka mmoja, kodi yake 7,383 kwa mwezi, jumla kama 88,600. Tofauti ni zaidi ya elfu themanini na sita na pesa ni ile ile! (Hapo nimechukulia mkataba wako unataja fidia hiyo, na hutapata kazi nyingine mwaka huo, ukipata kodi itaongezeka.)

Shiro_Umoja
Woi. Elfu themanini na sita kwa sababu ya maneno matatu?

Mhasibu_Mtaani
Ndiyo. Iandikwe wazi: fidia ya kusitishwa kazi kiasi hiki, notisi kiasi hiki, likizo kiasi hiki. Halafu uwaombe P9 (fomu ya mwajiri inayoonyesha kodi waliyokukata) na uingie iTax, mtandao wa KRA, uone kama kweli waliipeleka.

Wakili_wa_Ngara
Niongeze kuhusu ada, maana hapo ndipo watu hulia. Kodi inahesabiwa kwa fidia yote kabla ya wakili kulipwa, huwezi ukaambia KRA "lakini wakili alichukua yake". Na bili ya wakili aliyesajiliwa VAT ina 16% juu, uliza mapema kama bei aliyokuambia imejumlisha. Pia asikuambie atalipwa tu mkishinda, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakikubali makubaliano hayo. Mimi ningeomba mwajiri alipe gharama za kesi kando, kwenye mstari wake, zisichanganywe na fidia.

Mtu_wa_Texas
Si nyinyi peke yenu. Huku Marekani wakili anachukua asilimia yake, na Mahakama ya Juu iliamua 2005 kwenye kesi ya Banks kwamba hata hiyo asilimia ni mapato yako wewe. Binamu yangu alishinda kesi ya kuchafuliwa jina, dola laki moja, wakili akabeba elfu arobaini, IRS, watu wa kodi wa huku, wakamhesabia laki nzima. Angekuwa ameshtaki kwa ubaguzi kazini angeondoa ada ya wakili kwenye hesabu ya kodi, kuna sheria ya 2004 inaruhusu. Fidia ya kuumia mwili haikatwi kodi, kama ile ya Kaka.

Duka_Gikomba
Na sisi wa biashara? Jamaa alivunja mkataba akanilipa faida niliyopoteza.

Wakili_wa_Ngara
Hiyo ni mapato ya mwaka uliyoipokea, kifungu cha 4 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kimeitaja. Ila wewe ada ya wakili unaweza kuiweka kwa gharama za biashara kama kesi ilikuwa ya biashara kweli, kwa hivyo weka risiti.

Shiro_Umoja
Nimerudi. Wakili wangu aliposikia mishahara 12 akanyamaza kidogo, akasema basi tusiende Milimani, tuwarudishie karatasi waiandike upya na notisi iongezwe. Wamekubali kutenganisha mistari, ya gharama za kesi bado wanavutana. Kaka_Embakasi mguu unaendeleaje lakini?

Kaka_Embakasi
Unauma kukiwa baridi.