Nimepunguzwa kazini na nimesaini hati ya kutodai: je, bado nina haki?

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nimepunguzwa kazini pamoja na wenzangu kadhaa, na siku ileile tuliyopewa barua tuliwekewa mezani hati yenye kifungu kisemacho kwamba mfanyakazi amepokea stahiki zake zote na hatamdai mwajiri chochote. Tuliambiwa asiyesaini hatalipwa, nami nikasaini. Malipo yenyewe ni mshahara wa mwezi niliofanya kazi pamoja na notisi. Siku za likizo ambazo sikuzichukua hazimo. Je, ndiyo basi?

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, ndugu. Saini ina uzito, wala haifutiki kwa kusema hukuelewa. Hata hivyo, sheria za nchi nyingi huihesabu hati hiyo kuwa ni makubaliano, na anayesamehe madai yake anatarajiwa kupata kitu kwa kusamehe huko. Mshahara wa siku ulizokwisha kufanya kazi ni deni la mwajiri, hauwezi kugeuzwa kuwa bei ya kukunyamazisha. Kwa hiyo kama hukupewa chochote zaidi ya ulichostahili tayari, hapo pana hoja nzito. Hoja ya pili ni shinikizo. Andika leo, kabla hujasahau, ni nani aliyetamka kwamba asiyesaini hatalipwa, nani alikuwepo, na kama uliruhusiwa kuondoka na hati ukaisome.

Mchangiaji wa pili: Naongezea suala la muda, kwa sababu hapo ndipo wengi hupoteza haki. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unampa mfanyakazi aliyeachishwa bila sababu halali haki ya kukata rufaa mbele ya chombo huru, lakini unaruhusu anayechelewa ahesabiwe kuwa ameiacha haki hiyo. Usingoje majibu ya mwajiri huku siku zikiyoyoma.

Mwanzisha uzi: Nashukuru sana. Je, nirudishe fedha nilizopokea?

Mchangiaji wa kwanza: Mshahara ni wako. Kama kuna nyongeza uliyolipwa kwa ajili ya kusaini, usiiguse hadi uonane na chama cha wafanyakazi au wakili wa masuala ya kazi, kwa kuwa zipo mahakama zinazohesabu kuendelea kuishikilia kuwa ni kuyaridhia makubaliano. Nenda na nakala ya hati, barua na hati zako za mshahara.