CV ya dizaina: iwe bango au karatasi nyeupe?

Mleta mada

Wadau wa grafiki, tuambiane ukweli. Kila dizaina anayetafuta kazi Dar siku hizi ana CV ya aina ileile: ubavu wa kushoto rangi nzito, picha yake ndani ya duara, halafu vimistari vinavyodai Photoshop asilimia 90, Illustrator asilimia 85. Asilimia 90 ya nini? Nani alikupima? Na hiyo 10 iliyobaki ni ipi, hujui kukata picha? Templeti yenyewe ni ya tovuti ya Canva, na mhasibu wa jirani anayo hiyohiyo.

Msimamo wangu: CV ya dizaina iwe nyeupe, maandishi meusi, safu moja, fonti moja au mbili basi. Picha na rangi ziende kwenye potifolio, ule mkusanyiko wa kazi zako mtandaoni. Sisemi iwe mbaya. Kupanga maandishi matupu ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye fani yetu: kichwa kiwe kikubwa kiasi gani, mistari ipumue vipi, tarehe zote zinyooke wima kutoka juu mpaka chini. Ukiondoa vikorombwezo huna pa kujificha, na anayejua kazi ataona mara moja.

Kuna na suala la mashine. Waajiri wakubwa wengi hupokea maombi kwa mfumo unaochota maandishi kutoka kwenye faili. Safu mbili zinaweza kuchanganywa, jina la chuo likaungana na namba ya simu. Na kama CV umeisevu kama picha, mfumo unaweza usiokote kitu. Jipime mwenyewe: fungua PDF, chagua yote, nakili, bandika kwenye Notepad. Kikitoka kichekesho, ndicho wanachosoma wao.

Mchangiaji, wakala wa matangazo, Dar

Kaka, hapo kwenye potifolio umeongea kama mtu mwenye bando lisiloisha. Nimekaa kwenye mchujo wa maombi zaidi ya mara moja. Katibu anaprinti CV zote, tena kwa printa ya rangi nyeusi tu, anatuwekea rundo mezani. Kiungo cha Behance, ule mtandao wa kuonyeshea kazi, kwenye karatasi utakibonyezaje? Ukitaka kazi zako zionekane, ziwe kwenye faili lilelile: ukurasa wa kwanza CV, kurasa zinazofuata kazi tano au sita ulizozichagua kwa wivu. Tena faili liwe dogo. Kuna watu wanatuma mzigo wa MB 24, barua pepe inakwama njiani.

Kuhusu ubavu wa rangi nakuunga mkono, kwa sababu nyingine kabisa. Ukiprintiwa na printa ya nyeusi, ile bluu inakuwa kijivu cha moshi na namba yako ya simu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe ndani yake haisomeki.

Ila nyeupe tupu sikubali. Ukinipa karatasi inayofanana na ya mtu wa ununuzi, umenifundisha nini kuhusu jicho lako? Niachie alama moja tu: jina lililopangwa kwa akili, au rangi moja iliyotumika mara mbili.

Mchapaji, Kariakoo

Mnabishana mapambo. Mimi nina mashine inakula umeme, nataka kujua kitu kimoja: faili lako likija kwangu, nitachapa au nitakupigia simu?

Hicho ndicho kiandikwe. "Mbunifu mwenye shauku na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo" siijui maana yake. Andika "niliandaa kitabu cha kurasa 64 mpaka kwenye pleti za kuchapia, rangi 4". Andika kwamba faili zako zinakuja CMYK, yaani zile rangi nne za uchapaji, picha 300 dpi (nukta 300 kwa inchi), milimita 3 za kukatia kila upande. Nikiona hivyo nakupigia siku hiyohiyo, hata kama CV umeiandika kwa mkono.

Halafu kuhusu mashine anazosema mleta mada, kuna mtego unaowanasa watoto wa kiwandani. Sisi tunawafundisha kuvunja fonti ziwe michoro kabla ya kuleta kazi, ili herufi zisibadilike kwenye kompyuta yetu. Wanaifanyia hivyohivyo na CV. Kwa macho haina kasoro, kwa mfumo haina hata neno moja. Kazi ya kuchapa vunja, CV usivunje.

Deiwaka, Mwanza

CV ya nini wakuu? Wateja wangu wote wametoka kwenye status ya WhatsApp. Harusi, ubarikio, fulana za kampeni. Hakuna aliyewahi kuniuliza GPA.

Mchangiaji, Dodoma

Wa Mwanza, siku ukitaka mshahara na bima utarudi hapa. Kazi za serikali unajaza taarifa zako kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, vipengele ni vilevile kwa kila mtu. Hapo CV ya rangi haikusaidii wala haikuangushi. Kinachoangusha ni barua isiyosainiwa au cheti kisichoambatanishwa.

Mimi ninalolalamikia ni picha, dini, umri na hali ya ndoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kubaguana kazini kwa misingi hiyo ya dini, umri na ndoa. Sasa kwa nini unamkabidhi mtu silaha mwenyewe? Hiyo nafasi weka kazi. Tangazo likitaka picha, peleka, lisipotaka, acha.

Mleta mada

Dada wa wakala, kuambatanisha kazi kwenye faili moja napokea, mradi maandishi ya ukurasa wa kwanza yabaki maandishi. Rangi moja mara mbili pia, haya. Ila chini ya kila kazi mtu aandike alichofanya yeye. Kampeni imefanywa na watu sita, kila mmoja anaiweka kama yake. Nani alipiga picha, nani alichora, nani alibadilisha tarehe tu?

Mwanafunzi, mwaka wa tatu

Sisi ambao hatujawahi kuwa na mteja tuweke nini? Mimi nimechora upya nembo na vifungashio vya kampuni ya maziwa, hawakunituma.

Mchangiaji, wakala wa matangazo, Dar

Weka mdogo wangu, ila juu yake andika "zoezi binafsi", kwa herufi zinazosomeka. Tuliwahi kumwita kijana kwenye usaili kwa sababu ya bango zuri la kampuni ya simu. Nikamuuliza maelekezo ya mteja yalisemaje. Akaanza kutunga, na pale mezani alikuwepo mtu aliyelisimamia bango lenyewe.