Shuka za oganiki, za mianzi ama pamba ya kawaida? Nalipa Jumamosi

NyarLolwe: Habari zenu wote. Nataka shuka mpya na nguo za kulala za mtoto, nimeambiwa nichukue za oganiki, yaani pamba iliyolimwa bila dawa na mbolea za kemikali. Kuna pamba ya oganiki ya duka moja la mtandaoni Nairobi, kuna za mianzi, muuzaji anaapa ni asili kabisa, na kuna pamba ya kawaida hapa madukani. Ipi nzuri?

FundiSindano: Nzuri kwa nani dada? Kitanda saizi gani, bajeti ngapi, uko wapi? Mtu wa joto la Kisumu na mtu wa baridi ya Molo hawawezi lalia shuka moja.

Jirani_Nakuru: Na umeambiwa na nani, daktari ama muuzaji?

BabaWatatu_Busia: Pamba ni pamba. Oganiki ni bei tu.

MamaMapacha: Za mianzi wacha kabisa mamii. Mimi nilinunua seti nzima, foronya na kila kitu, nikaambiwa mianzi haipigwi dawa shambani, ni baridi, haishiki harufu, na kweli mwanzoni zilikuwa laini hadi mzee wa nyumba akauliza hizi umetoa wapi. Kufua kidogo tu zikaanza kutoa vidonge vidogo vidogo vya nyuzi, halafu kona zikachanika pale elastiki inaposhonewa, na usiku watoto wanaamka wamelowa jasho mgongo mzima. Nikaangalia kile kilebo kimefichwa ndani ya pindo, viskosi na poliesta! Kumpigia muuzaji, ati shuka ikishafuliwa hairudishwi. Sasa ningejuaje kama inachuja bila kufua?? Zile foronya bado ziko, nafutia meza.

Jirani_Nakuru: Pole sana. Shida si huyo muuzaji peke yake. Mianzi inasagwa, inayeyushwa kwa kemikali kama kaboni disalfaidi, ndio ivutwe iwe uzi, kwa hivyo kile unalalia ni reyoni, ndiyo hiyo viskosi ya kwa lebo yako. Huko Marekani mwaka wa 2022 Walmart na Kohl's walilipishwa jumla ya dola milioni 5.5 kwa kuuza reyoni wakiiita mianzi. Kama hao wakubwa walifanya hivyo, sembuse mtu anauza kwa simu.

FundiSindano: Kwa ile ya oganiki, mwambie akupigie picha ya lebo. Ukiona GOTS, hicho ni cheti cha kimataifa cha vitambaa vya oganiki, nyuzi za oganiki ni angalau asilimia 70, na ikiandikwa oganiki bila maneno mengine ni 95 kwenda juu, pia wanakagua rangi na dawa za kiwandani. Lebo inafaa iwe na namba ya leseni, tafuta kwa tovuti yao. OEKO-TEX Standard 100 ni kitu kingine, hiyo inapima kama kitambaa kina sumu, hata poliesta inaweza kuipata. Na ukiwa dukani omba kauzi kamoja ukachome: pamba inanuka karatasi na jivu linasagika, poliesta inayeyuka inabaki donge gumu jeusi.

BabaWatatu_Busia: Nani atakukubalia uchome shuka dukani kwake 😂

FundiSindano: Uzi mzee, sio shuka.

NyarLolwe: Samahani nilikuwa kazini. Niko Kisumu, Mamboleo. Kitanda ni tano kwa sita, mtoto ana miaka miwili, anajikuna nyuma ya magoti na kwa viwiko hadi damu. Daktari alisema pamba laini na sabuni isiyo na manukato, hiyo ya oganiki ni shemeji aliongeza. Elfu sita kwa kila kitu.

Jirani_Nakuru: Ungeanza na hapo dada! Elfu sita haitoshi seti ya GOTS na nguo juu. Nguo za mtoto ziwe oganiki, shuka chukua pamba tupu ya kawaida, epuka zile hazikunjamani maana nyingi zimepakwa resini yenye fomaldihaidi, kemikali inayoweza kuwasha ngozi. Fua kabla mtoto hajalalia, suuza mara mbili.

OmwamiBungoma: Kwani hakuna oganiki ya hapa kwetu? Pamba si inalimwa Busia na Siaya?

BabaWatatu_Busia: Inalimwa, lakini serikali ilipitisha pamba ya Bt mwisho wa 2019, na hiyo ni GMO, mbegu iliyobadilishwa jeni ijikinge na viwavi, oganiki hawaitaki. Ukitaka ya karibu ni Tanzania, kule Meatu wamelima oganiki tangu miaka ya tisini.

OmwamiBungoma: Lakini Bt si inapunguza kupulizia dawa ya viwavi? Sasa nani msafi hapo?

BabaWatatu_Busia: Bwana usinianzishe. Shida yetu ni bei ya kilo, hiyo mbegu ni ya pili. Kile kiwanda cha pamba cha KICOMI kingekuwa hai hapo Kisumu hatungekuwa tunaongea haya.

Jirani_Nakuru: Kiwanda cha nguo cha Rivatex kiko Eldoret bado.

MamaMapacha: Wazee, mtoto anajikuna. NyarLolwe enda soko la Kibuye Jumapili, shuka za mitumba za kamera, yaani gredi ya kwanza, zile nzito za pamba kutoka Ulaya, zimefuliwa hadi dawa nyingi zimeisha. Ziloweke tu vizuri.

FundiSindano: Mitumba inapulizwa dawa pia.

NyarLolwe: Sasa mmenichanganya zaidi. Na muuzaji wa mianzi ameshusha bei leo asubuhi...

MamaMapacha: USILIPE.

OmwamiBungoma: Kuna mtu anajua fundi wa neti za kitanda hapo Kibuye? Yangu imeraruka.