Safari kama 60 za kuingiza WordPress, mnafanyaje bila kukesha?

mtoto_wa_malindi
Assalamu alaykum jamaa. Nna kazi ya tovuti ya kampuni ya kutembeza wageni hapa Mji Mkongwe, naitengeneza kwa WordPress, ile programu ya kuundia tovuti, mwenyewe anataka iwe hewani kabla msimu wa Juni. Safari ziko kama 60, viungo Kizimbani, Jozani, kobe wa Changuu, Mnemba, nyengine za Pemba, na kila moja ina bei ya mtu mmoja, bei ya kikundi, saa ya kuondoka, mgeni anachukuliwa wapi, kilichomo kwenye bei na kisichokuwemo. Sasa mie nakopi peji ya mwanzo, nafuta maneno, napesti mapya kutoka Word ya tajiri, napandisha picha, nasevu. Peji moja yanikalisha saa nzima na bado hazifanani, hii bei juu, ile bei chini kabisa. Kuna njia ya kuharakisha? Baadae atataka na Kitaliani.

fundi_wa_chake
Waalaykum salaam. Yakhe simamisha hio kopi na pesti leo leo. Weka plagini, yaani programu ya kuongezea WordPress, inaitwa Advanced Custom Fields (ACF), tokea toleo la 6.1 la mwaka 2023 unatengeneza aina yako ya posti humohumo bila kuandika kodi za programu, iite safari, halafu uifungie fildi zake, yaani visanduku vya kujazia: bei, muda, pa kumchukulia mgeni na hayo mengine. Kama themu yako, yaani sura ya tovuti, ni ya zamani ya lugha ya PHP basi faili moja tu, single-safari.php, ndo linalochora safari zote, tajiri akisema bei ishuke chini ya picha unagusa hapo tu zote 60 zinafata. Na fildi ya bei iwe namba tupu, usiandike "dola 35 kwa mtu", maana siku akitaka wageni wazipange kuanzia rahisi kwenda ghali, maneno hayapangiki.

dada_kikwajuni
Sawa kabisa alivosema kaka, lakini mimi ningeanza nje ya WordPress. Fungua Google Sheets, safari moja mstari mmoja, fildi moja safu moja, hapo ndo utajua mapema safari gani haina bei na ipi haina picha, badala ya kugundua ushafika nusu ya kazi. Ukimaliza toa CSV, faili la jedwali la maandishi matupu, uiingize kwa plagini ya WP All Import. Toleo la bure ni la posti na peji za kawaida, fildi za ACF mpaka ulipie, na kwa kazi kama hii mie nalipia bila kufikiri mara mbili. Weka na safu ya namba ya safari, ile plagini inaitumia kujua safari ipi ni ipi, kwa hio ukirudia kuingiza inarekebisha zilizopo, haikujazii mapacha. Anza na mistari mitatu tu kwanza tafadhali.

mtoto_wa_malindi
Shukran sana dada. Sasa tajiri Sheets hajui, yeye ananitumia voisi za WhatsApp tu. Na picha zote za simu, kubwa kubwa.

dada_kikwajuni
Mtengenezee Google Forms, anajaza kwenye simu yake na majibu yanajipanga wenyewe kwenye Sheets. Bei za kwenye voisi usizichukue, 35 na 45 kwenye kelele za Darajani husikii tofauti. Picha zipunguze upana ziwe kama pikseli 1600 zote kwa pamoja kabla ya kupandisha. WordPress tangu 5.3 inajipunguzia yenyewe ile inayozidi 2560, lakini bando lako lishaliwa kwenye kupandisha.

mzee_wa_paje
Kijana wangu, maneno yanayojirudia usiyatie kwenye CSV. Tizama hii bima ya mgeni ya Shirika la Bima la Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima, watu walikuwa wakifungua peji moja moja kuongeza ule mstari wakati wangeuandika pahala pamoja. Wewe kwenye hilo faili lako moja la single-safari.php ita maelezo ya bima, ya kughairi na ya malipo kutoka pahala pamoja. Kwenye peji zisizokuwa za safari tumia pateni iliyosawazishwa, kipande kimoja unachokiweka peji nyingi, ipo kwa jina hilo tokea WordPress 6.3, ukibadilisha moja zote zinabadilika.

fundi_wa_chake
Na Kitaliani, weka plagini ya lugha, Polylang, sasa hivi kabla hujaingiza kitu, uiwashe kwa hio aina ya safari. Kila lugha inapata posti yake imeunganishwa na mwenzake, na kwenye mipangilio kuna pa kusawazisha fildi, uijaribu kwa safari moja kwanza, bei ikibadilika kwa Kiingereza iwe na kwa Kitaliani imebadilika. CSV yako isevu kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, sivo zile è na à zitatoka takataka. Ukikwama kwenye single-safari.php ibandike hapa tuitizame.