Naomba ushauri: mishipa ya kinena imeziba, tundu la moyo lizibwe kupitia wapi?

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 6, ana tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Tuliambiwa ni kazi nyepesi: mrija unaingizwa kwenye mshipa wa kinena, unapanda hadi moyoni, unaacha kifaa mfano wa visahani viwili vilivyoungana katikati, na mtoto anaamka bila kovu kifuani.

Wiki iliyopita wakajaribu. Kulia waya ukagoma, kushoto vilevile. Alizaliwa njiti, akakaa na mirija mapajani wiki kadhaa, na mishipa ile imeziba kabisa. Alitoka na plasta mbili tu, na mwenyewe anajua ameshapona, masikini.

Sasa daktari ametaja njia mbili. Shingoni mshipa unafikika, ila mrija unateremka kutoka juu, hivyo kifaa kinakaa upande na kukilaza sawasawa na ukuta wa moyo ni kazi. Ya pili ni kupitia ini, sindano inaingilia ubavuni kulia; kutokea huko njia inalielekea tundu vizuri, lakini kuna hatari ya damu kuvujia tumboni. Ikishindikana, kifua kifunguliwe. Mimi hiyo ya ini hata kuisikia tu tumbo linanikata, ingawa daktari anaonekana kuiegemea.

Mliopitia hili, au mnaofanya kazi hizi: mlichagua ipi, na mtoto alilazwa siku ngapi? Niwaulize nini kabla ya kusaini? Nimeshaandika swali moja: wamewahi kufanya ngapi za namna hii.